Ulivyoliliwa Ukiwa Hai Katika Nyumba ya Mama

Runingu, karibu na Uvira,
Tarehe 26 Agosti 2024.

Mpendwa mdogo wangu Toussaint,

Kabla ya lolote naomba barua hii ikukute unapumua vizuri, unakula, unalala na kuamka, wewe pamoja na mke wako Mapendo na watoto. Ni mimi dada yako Pudentienne. Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo tangu mvua za mwezi wa nne limekataa kunisikiliza. Je, kile kikohozi cha Mapendo kilikwisha? Watoto wanakula bugali siku hizi, au bado wanaishi kwa mkate na maziwa? Tunaambiwa huko Winnipeg sasa ni kiangazi. Sijui ni kiangazi gani hicho ambacho mtu anabeba koti.

Shemeji yako Ildephonse anakusalimu sana. Mihogo imetuitikia mwaka huu, mpunga hapana, maji ya mfereji yalituchelewa. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Tumepata padri mpya, anahubiri mpaka sufuria zinaungua nyumbani, lakini ana moyo mzuri na watu wanampenda. Ziwa nalo, lililopanda mpaka likaingia katika nyumba za watu wa chini, limerudi nyuma kidogo tu, na kuta nyingi bado zimesimama ndani ya maji.

Basi, habari njema zimekwisha. Sasa kaa chini.

Unakumbuka ile Jumamosi ya mwezi wa saba nilipokupigia simu, kwenu ikiwa bado asubuhi? Ulishtuka ukaniita dada kama zamani, “Yaya, iko nini?” Nikakujibu kwamba hakuna kitu, nilitaka tu kusikia sauti yako. Toussaint, nilikudanganya. Nilikuwa nimetoka kukulilia. Sisemi machozi ya kumkumbuka mtu wa mbali, nasema kilio cha maiti, kwa sauti yote, kikwembe kimefungwa kiunoni, magoti sakafuni chini ya picha yako, mbele ya wageni waliojaa sebule, ile saloni ya Mama. Mpaka leo nikikumbuka sijui kama kilichonishika ni hasira, ni aibu, au ni ule mshtuko wenyewe ambao umekataa kunitoka.

Jambo hili si la simu. Kwenye simu ungecheka, au mtandao ungekatika mahali pabaya. Na katika lile kundi la familia la WhatsApp Firmin yumo, na utaona kwa nini sitaki asome. Ndiyo maana nimemwomba Protais, anayesafiri kwenda Montréal, aibebe barua hii na kukutumia kutoka huko.

Nianze na nyumba. Baada ya Mama kutuacha, wewe ukashindwa kuja kumzika kwa sababu ya makaratasi yako, ulimwachia Firmin funguo za nyumba ya pale Kimanga, Uvira mjini. Mimi sikusema kitu. Firmin ni mtoto wa baba yetu mdogo, si mtu wa kuokota. Alitwambia amemweka mwalimu mmoja na mke wake na watoto. Nilifurahi, maana nyumba isiyotoa moshi hufa haraka. Nilikuwa sipiti hata kwenye ile avenue. Tangu siku ya maziko miguu yangu ilikataa lile lango.

Jumamosi hiyo nilishuka mjini kutafuta dawa ya goti. Nikasema moyoni, acha leo nijikaze, nimpelekee mke wa mwalimu viazi vitamu, kwa sababu mwanamke anayepika katika jiko la mama yako si mgeni kwako. Nikabeba kikapu.

Nilipofika langoni nilisimama. Uani palikuwa na turubai limefungwa kutoka kwenye ukuta mpaka kwenye ule mparachichi wa Baba. Viti vya plastiki vya kukodi vimepangwa. Viatu chungu nzima mlangoni pa baraza. Wanawake wamekaa kwa ukimya, wanaume wamevaa suti nyeusi na nyuso zimekazwa, nyuma ya nyumba sufuria kubwa juu ya mafiga. Hakuna anayecheka. Mdogo wangu, wewe umezaliwa hapa, niambie, ungefikiri nini?

Kilio. Na kilio cha nani? Mwalimu mpangaji angemlilia mtu wake kwao. Baba na Mama walikwisha kwenda. Wangu wa Runingu niliwaacha asubuhi wanakunywa uji. Alibaki mmoja tu wa kuliliwa katika nyumba ile, na ndiye wewe. Tena nilijiambia, ndiyo maana sikuambiwa. Unajua desturi yetu, kifo cha mtu aliye mbali hakitangazwi kwa dada yake kwenye simu. Watu hukusanyika kwanza nyumbani, kisha wazee wawili hutumwa kumchukua kwa uongo mdogo, wanamwambia njoo kuna mgonjwa. Nikaona kwamba nimefika kabla ya wazee kutoka.

Kikapu kilianguka, viazi vikatawanyika mpaka barabarani. Nilipita katikati ya watu nikiita, “Toussaint weee! Mutoto wa mama yangu! Umekufia mu baridi ya bantu, na nani amekufunga macho?” Niliingia saloni, na pale ukutani, kati ya Baba na Mama, ulikuwa unaniangalia na ile tai yako ya siku ya diploma. Nikaanguka magoti.

Na wale wanawake wa watu, Mungu awabariki, hakuna aliyeuliza. Mwanamke anawezaje kuuliza wakati mwenzake anajitupa chini? Waliinuka wote wakalia pamoja nami. Mama mmoja mzee, ambaye baadaye nilimjua kuwa ni Mama Spès, alinishika kiuno akalia kuliko mimi, kwa Kirundi, akikuuliza umewaachia nani watoto wako. Mwingine alivua kilemba. Siwezi kukuficha, tulikulilia vizuri. Kama kilio kingekuwa mtihani wa serikali, tungepita wote kwa asilimia ya juu.

Mara kijana mmoja mwembamba akapiga magoti mbele yangu, amevaa suti inayomzidi mabega, jasho linamtiririka. Akanishika mikono yote miwili.

“Shangazi, basi. Shangazi, utaumiza roho yako. Papa alishapumuzika.”

Papa! Niliacha kulia. Nilimtazama uso mzima. Watoto wako ninawajua, angalau wale ulionitajia. Nisamehe, ndugu yangu, lakini kwa muda mfupi nilikuhukumu. Nilisema, kumbe Toussaint aliacha mtoto Uvira na akatuficha miaka yote hii. Hata pua niliiona ni ya Baba.

Waliniinua wakaniketisha katika kiti kikubwa cha Mama. Wakaleta mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, wenye mirija mirefu. Koo lilikuwa kavu kama majivu, nikanywa bila kufikiri. Upande wa pili wa mtungi alikuwa mzee mnene mwenye mvi, naye anavuta mrija wake huku ananiangalia kwa macho yenye maji. Alipomaliza aliwageukia watu wake.

“Emwe, niseme ukweli,” alisema. “Nilikuwa na mashaka. Nilisema nyumba hii ni safi mno, haina harufu ya watu. Lakini kilio hiki hakiuzwi sokoni. Mtu wa kukodi hawezi kulia namna hii. Bella mwanangu amepata kwao.”

Palepale akakubali kumtoa binti yake. Wanawake wakapiga vigelegele, machozi bado yako mashavuni mwao. Mimi niliyekuja na viazi vitamu, nilikuwa nimefunga posa ya watu nisiowajua, kwa kifo cha ndugu ambaye hakufa.

Nilisema nakwenda kunawa uso, nikatokea jikoni nyuma. Mpishi alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, akaniuliza kama mimi ni wa upande wa bibi harusi.

“Minye? Minye niko mwenye nyumba,” nikamwambia.

“Mama, haiwezekani. Mwenye nyumba ni Firmin. Hawa bote balikodi tu, mpaka kesho asubuhi. Wiki ilipita balikuwa bazungu ba projet. Mbele yao kulikuwa fête ya kuzaliwa ya mutoto.”

Nikamuuliza mwalimu yuko wapi. Mwalimu gani? Hakuwahi kuwapo mwalimu. Nyumba ya Baba yetu, aliyoijenga kwa matofali ya kuchoma mwenyewe wakati akiwa karani wa pamba, inapangishwa kwa siku, Toussaint. Kwa siku! Mtu analala, anaoga, anaacha taulo sakafuni na kuondoka, kesho anaingia mwingine.

Nilimvuta yule kijana kwa tai mpaka nyuma ya jiko. Hakukataa wala hakukimbia. Alinieleza yote akiangalia chini. Jina lake ni Merdi, ni kambiste pale Kavimvira, hubadilisha faranga za Burundi na za Kongo kwa wanaovuka mpaka. Alifika Uvira mdogo, mgongoni mwa mtu asiyemjua, watu wakikimbia vita. Bikizee mmoja wa pale mpakani alimlea, naye alikwisha kufa. Chumba alichokuwa amepanga kilimezwa na ziwa mwezi wa nne. Bella ni binti wa Bujumbura, huvuka kuja kuuza vikwembe, na walipendana palepale kwenye kizuizi cha mpaka. Baba yake, huyo mzee Havyarimana, alisema hatamtoa binti yake kwa mtoto wa njia, lazima kwanza aone mlango ambao mwanawe ataingia na watu wa nyumba hiyo. Merdi hakuwa na mlango wala watu. Wale wanaume wenye suti, aliowaita wajomba zake, walikuwa makambiste wenzake.

Nikamuuliza, kati ya nyumba zote za kukodi katika mji huu, kwa nini hii yetu?

“Shangazi, zile zingine ziko na feni na televizyo kubwa,” alisema. “Hii yenu iko na bantu ku kibambazi.”

Zile picha za watu wetu ukutani, Firmin alikuwa ameziweka kwenye tangazo la nyumba kwenye simu, Toussaint. Picha ya Baba, picha ya Mama, picha yako, zimepigwa pale pale ukutani, na chini ameandika kwa Kifaransa kwamba nyumba ina hali ya kifamilia. Merdi alitafuta uso unaofanana na wake, akakuchagua wewe uwe baba yake. Nilimuuliza kwa nini basi akuue. Akasema, “Muntu mwenye alishakufa, hawamuulizake mambo mingi.”

Niliinua mkono nimpige kofi. Ndani walikuwa wameanza kuimba, na sauti ya Mama Spès, iliyochoka kwa kunisaidia kulia, ndiyo iliyoongoza. Mkono ukashuka wenyewe. Nilipaswa kurudi ndani na kusema, jamani, simamisheni wimbo. Sikuweza. Nilikuwa nimekwisha kunywa nao mtungi mmoja, na aibu ilinishika miguu. Nilitoka kwa mlango wa nyuma wa nyumba ya mama yangu kama mwizi. Barabarani ndipo nilipokupigia simu, na uliposema “Yaya” nilikaa juu ya jiwe.

Jumatatu yake nilikwenda kwa Firmin. Hakuona haya hata kidogo. Alisema nyumba tupu huanguka, na kwamba wewe ulimwambia afanye atakavyoona. Ulimwambia hivyo? Nijibu kwa hilo. Alinionyesha kwenye simu kitanda cha Mama kimetandikwa shuka nyeupe, juu yake taulo mbili zimekunjwa zikawa bata. Bata! Chini yake watu wameandika maoni. Mmoja anasifu upepo wa ziwani. Mwingine, sijui wa Goma au wa wapi, analalamika kwamba kitanda kinapiga kelele. Kile kitanda alichokatia roho mama yetu.

Mimi si mjinga, najua si Firmin peke yake. Mji wetu huu wa zamani umegeuka. Nyumba za wazee zenye baraza ndefu, ndizo wageni wanazozitaka, na wenyewe wanaona afadhali mgeni wa siku kuliko mpangaji wa mwaka. Kwa akina Ezéchiel, wageni wa siku. Nyumba inayofuata, wageni wa siku. Nilipokuwa nalia langoni, Toussaint, hakuna jirani hata mmoja aliyetoka, kwa sababu hakuna jirani. Zamani ungelia hivyo, avenue nzima ingekuwa uani kabla hujamaliza jina la maiti.

Nilidhani jambo limeishia hapo. Nilirudi Runingu, nikamwambia Ildephonse, naye alicheka mpaka akakohoa, nikakasirika siku nzima. Nikasema Merdi aoe, ajuane na Mungu wake.

Kisha mwanzoni mwa mwezi huu, nilikuwa natwanga mihogo, nikaona taksi-moto inasimama, anashuka Merdi. Nilikamata mtwangio vizuri, asije akafikiri nimemsahau. Lakini kijana alikuwa amekonda kwa malaria, macho mekundu. Akasema mzee Havyarimana ameomba misa katika parokia yao kule Bujumbura, ya kuombea roho ya marehemu Toussaint, baba wa Merdi. Na misa imekwisha kusomwa. Jina lako limetajwa altareni kati ya marehemu, watu wa Mungu wakaitikia. Tena mzee anataka, kabla ya ndoa, aje na ukoo wake waweke maua juu ya kaburi lako.

Nilikaa chini juu ya unga. Nyumba ilikodiwa, wajomba walikodiwa, lakini kaburi la kukodi hata Firmin hana.

Hapo ndipo hofu iliponiingia kweli. Uongo wa nyumba ni uongo wa nyumba. Lakini ndugu yangu wa tumbo moja kuombewa pumziko la milele huku yuko Winnipeg anapeleka watoto shuleni, hapana, hilo siwezi kulilalia. Nikamwambia Merdi, kesho tunavuka pamoja, tunasema yote. Akalia kama mtoto. Alisema atampoteza Bella.

“Weye umeshamupoteza,” nikamwambia. “Ile siku ulisema baba yako ni picha ya bantu. Sasa unaenda kumutafuta.”

Tulivuka Kavimvira asubuhi, tukapita Gatumba, tukafika Bujumbura kwa mzee Havyarimana. Walitupokea kwa furaha, Mama Spès akanikumbatia kama mfiwa mwenzake. Nilikataa kiti. Nilisimulia nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitanyamaza. Nilianza na viazi vitamu, nikamaliza na misa. Wakati wote huo Bella alikuwa ameegemea mlango, msichana mrefu, mtulivu, ana uso wa mtu anayesikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alimuuliza Merdi neno moja tu.

“Jina lako, iko Merdi kweli?”

Akasema ndiyo. Bella akaingia chumbani na kufunga mlango.

Mzee Havyarimana hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Alisema nyumba inaweza kukodiwa, hata yeye anapangisha chumba cha nyuma. “Lakini machozi ya dada yangu, kijana, uliyakodi kwa nani?” Na ni mimi niliyeyaanzisha.

Ndipo Mama Spès, huyo dada yake, akasema. Alisema mambo ya uongo na posa atawaachia wanaume, lakini yeye ana jambo lake zito kuliko hilo. Amemlilia mtu aliye hai. “Mana yanje, Mungu wangu! Nimelia machozi ya kaburi, na mwenyewe yuko anatembea.” Kwao, alisema, machozi ya namna hiyo hayarudi machoni. Yanabaki yanamzunguka yule mtu mpaka waliomlilia wamwone, wamshike mkono, wale naye sahani moja. Mpaka hapo hasikii habari ya harusi ya mtu yeyote. “Mutuletee huyo Toussaint. Nimuone muzima, nimulishe na mukono wangu.”

Usicheke. Mimi sikucheka. Bibi yetu naye alikuwa na maneno hayo, na wewe ulikuwa ukimkimbia akianza.

Mzee akakubali. Ameweka sharti moja. Kabla ya Majilio, maana padri wao hafungishi ndoa wakati wa Majilio, atakuja tena na watu wake katika nyumba ileile ya Kimanga. Anataka akukute wewe katika kile kiti. Hataki tena usemwe kuwa baba wa Merdi. Anataka uonekane ulivyo, mtu mzima mwenye nyumba, useme mbele ya wote kama unakubali kumsimamia kijana huyu asiye na mtu, au unakataa. Ukikataa, atamrudisha binti yake kwa amani na hatatuchukia. Lakini akikuta kiti kitupu, alisema, atajua kwamba sisi wote pale ni wa kukodi.

Bella alifungua mlango tulipokuwa tunaaga. Hakumpa Merdi mkono, ila alimwambia aendelee kunywa dawa yake ya malaria mpaka iishe. Nilishika neno hilo, nikarudi nalo njia nzima.

Firmin nimemnyang'anya funguo, na nimebadilisha kufuli. Kila mwisho wa juma nashuka, nafungua madirisha, napika sombe, nalala katika kitanda cha Mama, na kweli kinapiga kelele. Juzi walikuja mume na mke na mabegi, wakasema Firmin aliwaahidi chumba. Niliwapa chakula wakalala, asubuhi nikawaambia wasimwambie mtu kwamba inalaza wageni, hii ni nyumba ya watu. Merdi huja Jumapili. Ameziba bati lililokuwa linavuja, tena bila kuombwa. Nikimpa chakula anakula kimya, kisha ananiuliza habari zako, unapenda nini, unacheka namna gani. Hapo ndipo ninapokwama, Toussaint. Namwambia habari za kijana aliyekuwa akiiba ndagala zilizoanikwa kwenye mkeka wa Mama. Za baba mwenye watoto wa Winnipeg sina.

Na acha niseme lile linaloniuma kuliko yote, kisha nifunge. Ile siku nilipoona turubai, nilipiga kelele, nilianguka, nilishtuka mpaka mifupani. Lakini sikushangaa. Sikujiuliza Toussaint angewezaje kufa. Nilijiuliza tu nani atakuja kuniambia. Yaani moyo wangu ulikuwa umekwisha kuzoea kwamba wewe ni picha ya ukutani. Mgeni wa siku moja alikuangalia akaona baba, mimi dada yako nilikuangalia nikaona marehemu. Hilo ndilo linaloniogopesha, kuliko Firmin, kuliko misa, kuliko harusi ya watoto wa watu.

Kwa hiyo nijibu. Kwa barua au kwa simu, vyote sawa. Sema unakuja, au sema huji, nami nitavuka mpaka kwenda kuwaambia na kubeba aibu yangu. Ila usinijibu “tutaona.” Hilo neno lako nalijua. Mama alikufa akilisubiri.

Msalimie sana Mapendo, mwambie asinikasirikie kwa kumfanya mjane siku moja. Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa jina. Ildephonse anasema ukija atachinja mmoja wa wale mapacha wa mbuzi. Mama Spès anakusalimu, ingawa anasema salamu kwa mtu asiyemwona zinamtia baridi. Merdi hakuthubutu kutuma salamu, lakini amenifuata mpaka Runingu, amesimama hapa mlangoni tangu nilipoanza ukurasa huu.

Mungu aliyekuhifadhi hai wakati sisi tunakuzika, akulinde njiani na akufikishe nyumbani.

Ni mimi nikupendaye, dada yako wa tumbo moja,

Pudentienne